Harambee ya Filamu Fupi Kuhusu Safari ya Kuasili Mtoto

Wapendwa washiriki na marafiki,

Kamati ya wanandoa ya kanisa letu hapa Nakuru inawaalika katika harambee ya kugharimia filamu ya dakika 20 kuhusu mume na mke wanaoasili mtoto, tangu siku wanapobisha hodi katika ofisi ya shirika la uasili hadi Mahakama Kuu inapotoa amri ya kuwatambua kuwa wazazi wake.

Wapo miongoni mwetu waliotamani kuchukua hatua hiyo wakavunjwa moyo na maneno ya watu, kwamba ni jambo la matajiri au kwamba mtoto hununuliwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaeleza njia tofauti kabisa: mtoto hutangazwa kwanza kuwa huru kuasiliwa, hukaa na waombaji kwa miezi 3 mfululizo, kisha mahakama humteulia mlezi wa kutetea maslahi yake wakati kesi ikiendelea.

Onyesho tunalolithamini zaidi ni la sebuleni. Afisa wa shirika amekwisha kukagua chumba cha mtoto na kusogeza pazia aone kama dirisha lina vyuma. Ndipo anapomgeukia mume na kumuuliza atawajibu nini ndugu zake watakapotaja shamba. Mume anakitazama kikombe chake cha chai, na mkewe haingilii. Sheria imekwisha kulijibu swali hilo, kwa kuwa mtoto aliyeasiliwa huhesabiwa kama aliyezaliwa na wazazi hao katika ndoa, urithi ukiwemo. Lakini sheria haihudhurii vikao vya ukoo, na ndiyo sababu tunataka swali lenyewe lisikike likiulizwa waziwazi.

Wenzi waliotusimulia safari yao wameridhia tuitumie kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe na mtoto wao asionekane kamwe. Kwa hiyo wahusika wote wataigizwa na vijana wetu pamoja na wazazi waliojitolea. (Mtoto mchanga wa kuigiza bado tunamtafuta, akina mama tuliowaomba wanacheka tu.)

Gharama yote ni shilingi 480,000: mafundi wa kamera na sauti 210,000, uhariri 120,000, usafiri na chakula cha waigizaji 90,000, na leseni pamoja na wakili wa kuupitia mswada 60,000. Wanakamati wamekwisha kuchanga 130,000, hivyo zimebaki 350,000.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mara baada ya ibada ya pili. Asiyeweza kufika anaombwa kumkabidhi mweka hazina mchango au ahadi yake mapema na kupewa risiti. Mwenye nyumba yenye sebule ya kutosha kamera mbili naye atuone, kwa maana hiyo hatujaipangia fedha.