Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa shule

Mwanangu,

Tangu ulipokata simu juzi nimekuwa nikitafuta kalamu. Umepewa shule. Walimu ishirini na wawili, umesema, na wengine walianza kushika chaki kabla hujazaliwa. Hongera sana, mama. Kuna jambo nataka kukueleza, na kwenye simu lisingetulia.

Nilipotimiza mwaka wa tatu nikiwa mwalimu mkuu, tulikuwa walimu tisa na mimi wa kumi, nami niliamini naongoza vizuri. Kitabu cha mahudhurio kilikaa mezani kwangu. Ikifika saa moja na nusu nachora mstari mwekundu, na atakayesaini chini yake atajieleza mbele ya wenzake. Nilikuwa pia na daftari dogo la mambo ya siku: mzazi gani kaja, nani kagombana na nani, nimeamua nini. Nililiandika kwa ajili ya makabidhiano, siku nitakapohamishwa. Likizo moja ya Desemba nikalisoma lote kuanzia Januari, na nilichokiona kilinitoa jasho. Karibu kila mara nilipomfokea mwalimu, siku hiyo au jana yake nilikuwa nimetoka wilayani. Kule nimeulizwa matokeo ya darasa la saba, nimeulizwa madawati, nimesemwa mbele ya walimu wakuu wenzangu. Nikirudi, nawashushia walimu yale yale niliyopewa. Wiki ambazo sikuitwa, watu walisaini chini ya mstari nami nikawapita bila neno.

Kabla ya hapo ningekuapia kwamba mimi ni mtu wa haki. Ndiyo maana nasisitiza uandike, tena uweke tarehe. Ukijihoji kichwani tu, moyo unajitetea: utakumbuka vizuri dakika alizochelewa mwenzako na utasahau ulivyoamka wewe.

Shule ilipofunguliwa niliwaeleza walimu kwenye kikao nilichokisoma, nikawaomba radhi. Niliwafokea hadharani, kwa hiyo nisingeweza kwenda kuwaomba radhi mmoja mmoja uchochoroni. Mama mmoja mtu mzima, mwalimu wa darasa la kwanza, akasema wao walikwishajua siku nyingi. Nikiondoka kwenda wilayani walikuwa wanaambiana wajiandae. Wote tisa walijua. Tangu siku ile, nikitoka wilayani napitia nyumbani kwanza, na kitabu cha mahudhurio sikifungui mpaka kesho yake.

Ulikuwa mdogo babu yako alipofariki, hukumsikia akisimulia habari za ushirika. Alilima pamba maisha yake yote. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na pamba ikawa inanunuliwa na mamlaka ya serikali. Halmashauri nazo zilikuwa zimekwisha kufutwa tangu 1972. Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa kujipima. Mwaka 1977 alitoa kijitabu cha kulitathmini Azimio la Arusha baada ya miaka 10, akakiri waziwazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala ushirika. Wakati huo sheria za 1982 zilikuwa zimekwisha kuvirudisha. Mimi nilikuwa kijana, nikamwambia babu yako kwa fahari kwamba kiongozi wetu anakubali makosa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni jambo jema. Ila misimu ile ya pamba hairudi."

Namheshimu Mwalimu kwa kusema vile. Wenye madaraka wengi hawafiki hapo hata wakistaafu. Lakini neno la babu yako sijalisahau. Kati ya 1976 na 1984 kuna miaka minane, na aliyeilipia ni mkulima. Kwa hiyo usisubiri Desemba kama mimi. Jikague kila Ijumaa, wanafunzi wakishaondoka, kabla hujafunga ofisi. Nusu ukurasa unatosha. Nimeamua nini wiki hii, sikumuuliza nani, na nilikuwa nimetoka wapi nilipoamua. Hilo la mwisho usiliruke, hata ukiona ni la kitoto.

Tena mtafute mtu mmoja pale shuleni asiyehitaji barua yako ili apandishwe daraja, wala ruhusa zako. Anaweza kuwa mpishi, au mwalimu anayekaribia kustaafu. Muulize unavyoonekana, akianza kusema usimkatize.

Wala sikutumi ujitese. Nimewahi kufanya kazi chini ya mkuu mmoja aliyejilaumu kwa kila kitu, akabadili ratiba mara nne katika muhula mmoja, walimu wakachoka naye kuliko walivyowachoka wakali. Ukiona kosa, rekebisha hilo hilo, Jumatatu uingie darasani.

Mama yako anauliza kama gunia la mahindi limefika, maana kondakta alisema ataliacha stendi. Akilifikisha tupigie. Likizo ya Juni ukija, sitakuomba unisomee daftari lako. Njoo nalo tu.

Baba yako