Barua Kuhusu Taa Ndogo ya Kupimia Kioo cha Darubini

Kwako rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Nimefurahi mno kusikia kwamba umemaliza kukisugua na kuking'arisha kioo chako. Kabla hujaanza kukipima, nakusihi uitengeneze taa ya kupimia kwa subira ile ile, kwani taa mbovu huleta vivuli visivyosomeka, ukaishia kurekebisha kasoro ambazo kioo hakina.

Kipimo cha wembe alichokibuni Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858, ambapo makali ya wembe huukata mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo ili vivuli vionyeshe kasoro zake, huhitaji mwanga mwembamba sana, uwekwe kwenye kitovu cha mpindo wa kioo, yaani mara mbili ya umbali wa fokasi (umbali toka kioo hadi pale kinapokusanya mwanga wa nyota). Tatizo ni kwamba kioo ambacho hakijapakwa alumini hurudisha takriban asilimia 4 tu ya mwanga unaokiangukia. Ndiyo maana silipendi sana tundu la sindano: hata likitobolewa vizuri, hupitisha mwanga hafifu unaochosha jicho. Napendelea mwanya wa nyembe mbili zilizotazamanisha makali, zikasogezwa mpaka mwanga upenye kama uzi wenye upana mmoja toka juu hadi chini. Mwanya huo lazima uwe sambamba kabisa na wembe wa kupimia, la sivyo vivuli vitafifia. Na ukitumia wembe mmoja mpana, upande wake mmoja ukiifunika nusu ya taa na wa pili ukiukata mwanga unaorudi, usambamba huo hupatikana wenyewe.

Kwa taa yenyewe, LED ya milimita 5 inatosha. Kichwa chake cha mviringo kisugue kwa msasa mpaka kiwe bapa, lakini simama mapema, kwa maana ndani yake mna unyuzi mwembamba mno ambao ukikatika taa imekufa. Ukungu unaoachwa na msasa usiung'arishe, kwani ndio unaousambaza mwanga sawasawa juu ya kioo kizima.

Gololi ya chuma nayo hutengeneza nyota bandia nzuri, yaani nukta ndogo ya mwanga inayofanana na nyota: gololi yenye kipenyo cha milimita 6, ikimulikwa na taa ya milimita 5 kutoka milimita 300, huonyesha nukta ya milimita 0.025 hivi. Hiyo iache mpaka kioo kitakapokuwa kimepakwa alumini.

Ukishaupata mwanya, niandikie kivuli kinaingia upande gani. Kikiingia upande ule ule wa wembe, uko karibu mno na kioo. Kikitokea upande wa pili, umerudi nyuma kupita kiasi.

Ni mimi rafiki yako wa dhati.