Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: tunaomba neno moja kila siku saa 10 jioni kuhusu Ol Doinyo Lengai

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: NANI ANAFUNGA NJIA YA KUPANDIA MLIMA, NA ANAIFUNGA SAA NGAPI

Kila usiku wa msimu wa utalii, kati ya saa 5 na saa 6, wageni na waongozaji wao huondoka Engare Sero, kijiji kilicho chini ya volkano hii, wakiwa na tochi kichwani ili jua liwachomozee ukingoni mwa kreta. Kupanda ni saa tano hadi sita. Kushuka ni saa tatu hadi nne, kwenye mteremko wa majivu yaliyoganda ambao hata mtu mwenye magoti mazima hawezi kuukimbia. Kwa hiyo aliyefika juu alfajiri yuko saa tatu mbali na usalama. Volkano haina deni la kumpa saa hizo tatu.

Mlima Ontake wa Japani ulilipuka Septemba 27, 2014, saa 5:52 asubuhi, siku ya Jumamosi, njia zikiwa zimejaa wapanda mlima. Mtetemo wa volkano ulianza kuonekana mitamboni dakika 11 kabla, na ardhi ya mlima ikaanza kubadili mwinamo dakika saba kabla. Watu 63 walikufa au hawakuonekana tena. Kiwango cha tahadhari siku hiyo kilikuwa cha chini kabisa. Nyiragongo ya Kongo nayo, Mei 22, 2021, ilipasuka ubavuni baada ya onyo la mitambo lisilofika saa moja. Whakaari ya New Zealand inatuhusu zaidi. Kiwango chake kilipandishwa hadi cha pili Novemba 18, 2019, taarifa zikatolewa hadharani, na safari za watalii zikaendelea kama kawaida. Desemba 9 kisiwa kililipuka kikiwa na watu 47, na 22 kati yao wakafa. Wapimaji walikuwa wamepima na namba walikuwa wamezitoa. Kilichokosekana ni sharti linalosema: namba ikifika hapa, boti haziondoki.

Kwa hiyo hatukuandikii kuomba mitambo, ingawa mitambo haitoshi. Tunaomba utaratibu usiohitaji bajeti kubwa. Kila siku saa 10 jioni, ofisa mmoja wa zamu anayejulikana kwa jina atume neno moja kwa Mtendaji wa Kijiji cha Engare Sero, kwa walinzi wa geti na kwa viongozi wa waongozaji: WAZI au IMEFUNGWA. Na kama hadi saa 12 jioni neno halijafika, njia imefungwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo litakalopingwa zaidi. Watu watauliza kwa nini mteja aliyelipa azuiwe kwa sababu tu ofisa amekosa mtandao. Jibu ni kwamba ukimya, uwe wa ofisa au wa kituo cha kupimia mitetemo, una maana nyingi. Kituo kikinyamaza, huenda betri imekufa, laini ya simu imekatika, au mlima wenyewe umekiharibu. Ofisini Dodoma au Arusha, zote tatu zinaonekana kwa sura moja, mstari ulionyooka kwenye kioo. Mstari huo ukisomwa kama utulivu, siku moja utatugharimu.

Ofisa huyo atazame nini kabla ya kuandika? Kwanza matetemeko, na hapa tunaomba uvumilivu wako kidogo.

Tetemeko lina mambo manne yasiyojulikana: latitudo, longitudo, kina na saa lilipotokea. Kuyapata manne hayo unahitaji vituo vinne vilivyoinasa ishara, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Sita ni afadhali, maana kwa kawaida kimoja au viwili huwa vimezimika. Tena havifai kupangwa mstari mmoja kandokando ya barabara ya Engaruka kwa kuwa gari linafika huko. Lazima viuzunguke mlima, na kimoja kikae kilomita chache tu kutoka kreta. Bila hicho cha karibu utajua tetemeko limetokea chini ya Lengai, lakini hutajua kama ni kilomita mbili chini au kumi na mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua watu wapande au wasipande.

Ardhi ya pale haitulii. Lengai imekaa ndani ya Bonde la Ufa, na bonde lenyewe hutetemeka kwa sababu zake hata mlima ukiwa umelala. Ndiyo maana hatutaki mtu ahesabu matetemeko yote ya eneo la Ziwa Natron na kupiga yowe. Tunapendekeza yahesabiwe yaliyo ndani ya kilomita 10 kutoka kreta na yenye kina kisichozidi kilomita 10. Yakifika kumi kwa saa 24, funga. Likitokea moja la ukubwa wa 3 au zaidi ndani ya duara hilo, funga. Mtetemo usiokatika ukidumu dakika 15 katika vituo viwili au zaidi, funga, na waliokwisha kuanza kupanda warudishwe. Kwa nini viwili? Kwa sababu kituo kimoja hudanganywa kirahisi. Kundi la ng'ombe mia mbili wakienda kunywa maji huandika mtetemo mzuri sana, na upepo ukiutikisa mgunga ulio mita kumi kutoka kwenye kifaa huandika mwingine. Namba hizi ni za kuanzia. Baada ya miezi 12 ya kumbukumbu zisizokatika, zirekebishwe kulingana na tabia ya mlima wenyewe.

Kufungua ni kugumu kuliko kufunga. Ontake ulionyesha matetemeko mengi Septemba 10 na 11, yakapungua, watu wakatulia, ukalipuka siku ya 27. Hapa kwetu mwaka 2007 matetemeko yalianza katikati ya Julai upande wa Gelai, mlima wa jirani, na kubwa zaidi, la 5.9, lilitokea Julai 17 likasikika hadi Nairobi. Mlipuko mkubwa wa Lengai ulianza Septemba 4, wiki saba kamili baadaye, na awamu hiyo ikaendelea hadi Aprili 2008. Kwa hiyo siku mbili tatu za utulivu zisifungue njia. Tunashauri wiki tatu baada ya dalili za kawaida, na wiki nane baada ya tetemeko lolote la 5 na kuendelea katika eneo hilo. Hata hapo, droni ipite kwanza juu ya kreta. Tunajua wiki nane ni msimu mzima kwa mwenye kambi. Tutalirudia.

Pili ni umbo la mlima. Tangu 2016 kuna vituo vya GPS vya mradi wa TZVOLCANO vinavyopima mwendo wa ardhi kwa milimita, na mwaka 2022 vilinasa mlima ukiinuka. Picha za rada za setilaiti huongeza ramani ya eneo zima kila baada ya siku 12, mawingu yawepo yasiwepo. Vyote viwili vinafaa kwa uamuzi wa mwezi. Kwa uamuzi wa saa 10 jioni vinasaidia kidogo tu.

Tatu ni joto, na hapa Lengai humpotosha mgeni. Lava ya volkano nyingine huwa na nyuzi kati ya 700 na 1,200 za Selsiasi. Ya Lengai ina kati ya 500 na 600, kwa kuwa ni lava ya kaboneti yenye sodiamu nyingi, kwa lugha ya nyumbani lava ya magadi. Hakuna mlima mwingine hai duniani unaoitoa. (Madini yake mojawapo, nyerereiti, yamepewa jina la Mwalimu.) Mchana huonekana kama oili chafu inayotiririka, usiku huwa na wekundu hafifu, na ikilowa unyevu hugeuka nyeupe ndani ya siku chache. Mifumo ya setilaiti inayosaka joto duniani imetegwa kwa lava ya moto zaidi, kwa hiyo mara nyingi hupita juu ya Lengai bila kuona kitu huku kreta inatokota. Ofisa asiandike WAZI kwa sababu tovuti ya joto haina alama nyekundu. Kwa sababu ya aina hiyohiyo, tunakuomba usishawishiwe kununua kwanza kifaa cha kupima gesi ya salfa kwa mbali. Gesi ya mlima huu ni kabonidayoksaidi kwa wingi, salfa ni haba. Kifaa hicho kilifanya kazi ya maana kwenye volkano ya Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991. Hapa kitakaa kinapima sifuri.

Macho ya waongozaji yana thamani kuliko tunavyoyapa. Wao ndio wako ukingoni karibu kila siku ya msimu. Wapewe karatasi moja yenye maswali matano: lava iko mita ngapi chini ya ukingo, imehamia tundu lipi, mivumo inasikika kila baada ya dakika ngapi, kuna nyufa mpya njiani, na majivu yanayotoka ni meupe au meusi. Picha moja ipigwe kila mara kutoka jiwe lilelile lililopakwa rangi. Shimo lililochimbwa na milipuko ya 2007 na 2008 limekuwa likijaa tena, na mwaka 1998 kreta ya zamani ilijaa hadi ikamwagika nje. Kasi ya kujaa ni habari kubwa, na haihitaji satelaiti kuipata.

Sasa tuseme kinachoua vituo, maana hapo ndipo fedha za mkoa zingefanya kazi haraka. Kituo cha kawaida chenye kipima mitetemo, kinasa data na modemu hula wati 8 hivi, yaani wati-saa 192 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo una 600. Hizo ni siku tatu. Majivu yakifunika paneli ya sola, siku ya nne kituo kimezima, na majivu huanguka wakati uleule unapokihitaji. Tena majivu haya ni magadi. Umande wa asubuhi ukiyagusa huwa uji unaokula aluminiamu, na fremu za paneli nyingi ni aluminiamu. Anza kutazama kwenye kona ya chini ya fremu, maji yanakojikusanya: utakuta unga mweupe, na ukiukwangua kwa ukucha, aluminiamu chini yake imekuwa na vishimo kama sufuria iliyochemshiwa magadi miaka mingi. Paneli iinamishwe nyuzi 15 au 20 japokuwa jua la hapa halihitaji mwinamo huo, ili majivu yateleze. Ioshwe kwa maji mengi, isifutwe kavu, kwani kufuta kavu hukwaruza kioo. Vichwa vya betri vipakwe grisi. Vituo vya magharibi vitembelewe mara mbili ya vingine, kwa kuwa upepo wa mashariki husukuma majivu upande huo. Ndiyo majivu yaliyojenga udongo wa nyanda za Serengeti.

Na kila kituo kiwe na mtu wa boma la jirani anayelipwa kila mwezi kukilinda na kukiosha. Uzio wa waya huibwa. Uzio wa miiba uliojengwa na mwenye eneo haumshawishi mwizi, na mbuzi hawaupiti.

Tumesema tutarudi kwenye riziki. Mwongozaji akijua kwamba kusema "lava imepanda mita mbili" kunamfutia kipato cha wiki tatu, siku ya tatu ataacha kusema, na hatumlaumu. Kwa hiyo sehemu ya ada inayokusanywa getini itengwe kuwa mfuko wa siku za kufungwa, na mwongozaji aliyesajiliwa alipwe posho siku hizo. Kampuni nazo ziandike kwenye risiti ya mgeni, kabla hajalipa, kwamba njia inaweza kufungwa saa 10 jioni na atapelekwa Ziwa Natron au maporomoko ya Engare Sero badala yake. Mgeni aliyeambiwa mapema hagombi.

Ujumbe uende kwa Kiswahili na kwa Kimaa, kwa simu na kwa redio ya upepo, kwa kuwa mtandao wa simu huzidiwa kila mtu anapopiga kwa pamoja. Kwa wafugaji uwe na maneno yake: majivu yakianguka, mifugo iondolewe upande unakoelekea upepo, isilishwe majani yenye vumbi hadi mvua iyaoshe, maana huwa na florini, kemikali inayodhuru mifugo, na visima na matangi yafunikwe kwanza kabla ya kitu kingine. Malaigwanani, viongozi wa jadi wa Wamaasai, washirikishwe kuandika ujumbe huo. Wakikabidhiwa ukiwa umeshaandikwa, utabaki karatasi.

Mheshimiwa, kamati ya maafa ya mkoa ikikaa kikao kimoja na wataalamu wa GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), Halmashauri ya Ngorongoro, waongozaji na wazee wa Engare Sero, mambo matatu yanaweza kuamuliwa siku hiyohiyo: jina la ofisa wa zamu na la msaidizi wake, namba za kufungia, na sharti la ukimya. Zoezi la kwanza lifanyike bila kutangaza siku. Ofisa asitume neno, kisha tuhesabu saa 6 usiku ni tochi ngapi zinaonekana mlimani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wapimaji wa mitetemo na mafundi wa vituo vya nyanjani