Barua ya usimamizi si mwisho wa mirathi

Ndugu Mhariri,

Kurasa za mahakama katika magazeti yetu zimejaa mauaji, dawa za kulevya na uhujumu uchumi. Ni habari, hatukatai. Lakini mwananchi wa kawaida hafikishwi mahakamani na mambo hayo. Anafikishwa na deni asilolipwa, ndoa iliyovunjika, mpaka wa kiwanja au mirathi. Mengi ya mashauri haya yanaanguka kabla hata shahidi hajasimama, kwa sababu mtu kaingilia mlango usio wake au karuka hatua moja.

Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa ardhi haufunguliwi huko, hata kiwanja kiwe cha laki tano. Unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Talaka nayo, ukiacha hali chache zilizotajwa na sheria, haisikilizwi bila hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa inayoeleza kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na hati hiyo iwe haijapitisha miezi 6 tangu itolewe. Barua ya mjumbe wa mtaa si hati hiyo.

Mirathi ndiyo inayotusukuma kuandika, kwa kuwa ndiyo inayogawa familia kwa miaka mingi zaidi.

Kosa la kwanza ni kufungua mirathi katika mahakama isiyo yake. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi pale tu sheria inayotumika ni ya Kiislamu au ya kimila, na marehemu awe alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Aliyeishi Mwanza akaacha nyumba Tabora, mirathi yake inafunguliwa Mwanza. Kwa Mkristo, mahakama hutazama alivyoishi na alivyokusudia: kama maisha yake yalikuwa yameachana na mila, shauri linakwenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Ndugu wengi hukimbilia mahakama iliyo karibu na nyumbani, wanateuliwa kuwa wasimamizi wa mirathi, wanauza mali, kisha miaka baadaye rufaa inafuta kila kitu tangu mwanzo na mnunuzi anabaki na karatasi.

Maombi yanajazwa kwenye Fomu Na. I na kuambatana na cheti cha kifo. Hapo majina yakaguliwe herufi kwa herufi. Cheti cha kifo kikisema Juma Ali Hassan, hati ya kiwanja ikasema Juma Ally, na benki ikawa na J. A. Hassan, kiapo cha kuthibitisha kuwa huyo ni mtu mmoja kiandaliwe mapema. Kikisubiri hadi msimamizi aende benki au ofisi ya ardhi, atarudishwa.

Kuhusu muhtasari wa kikao cha ukoo, tunasema kwa herufi kubwa: SI SHARTI LA SHERIA. Unaisaidia mahakama kujua warithi ni nani na kama wameafikiana. Lakini mjane ambaye shemeji zake wamekataa kumwita kikaoni, au wamekataa kutia saini, hajapoteza haki ya kuomba. Afungue maombi na aeleze hivyo. Inatuuma kuona wanawake wanakaa miaka wakisubiri ukoo uwape ruhusa ambayo sheria haikuudai ukoo uitoe.

Baada ya tangazo la maombi hayo, na pingamizi kama lipo kusikilizwa, mahakama humpa msimamizi Fomu Na. IV, ndiyo barua ya usimamizi. Watu wengi wanadhani kazi imekwisha hapo. Kumbe ndiyo inaanza. Msimamizi hapati mali kwa sababu tu ya kuwa msimamizi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi. Hata hati ya kiwanja inapoandikishwa kwa jina lake, inaandikishwa kwa nafasi yake ya usimamizi, na lazima baadaye ihamishiwe kwa mrithi.

Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa anatakiwa kurudisha Fomu Na. V, yaani orodha ya mali na madeni yote, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Kwa Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu ni miezi 6, na hesabu ndani ya mwaka 1. Kuandika “nyumba moja Mbagala” hakutoshi. Andika namba ya kiwanja na kitalu. Kama hakijapimwa, andika mtaa, ukubwa, na majirani wa pande zote nne. Namba ya akaunti, namba ya usajili wa pikipiki, nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye. Mali yenye utata usiifiche wala usiichomeke kimyakimya: ukiorodhesha shamba la shangazi, umefungua kesi nyingine.

Mgawo ukikamilika, Fomu Na. VI, yaani hesabu ya mirathi, inaonyesha nani kapata nini, na jalada linafungwa. Lisipofungwa, msimamizi anabaki msimamizi. Ndiyo maana mtu aliyeteuliwa watoto wakiwa wachanga bado anapokea kodi ya nyumba wakati wao wameshaoa.

Mrithi anayeona mambo hayaendi asisubiri. Anaweza kuiomba mahakama ileile imwite msimamizi alete hesabu, au itengue uteuzi ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu au msimamizi hatimizi wajibu wake. Asiporidhika na uamuzi, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Tunaliomba gazeti lako litenge nafasi ya kueleza hatua hizi, hata safu moja kwa wiki. Na tunawaomba mahakimu wa Mahakama za Mwanzo waandike kwenye Fomu Na. IV yenyewe tarehe ambayo orodha ya mali inatakiwa kurudishwa, na nakala wapewe warithi wote, isiishie kwa msimamizi peke yake.

Wasaidizi wa kisheria,
Dar es Salaam