Kichwa cha Rajabu

London, Ontario, Kanada

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi nimeizoea na zamu za usiku hazijanishinda. Ujumbe wako wa kuomba laki nane za mganga wa Baba Mkubwa niliupata, nikachelewa kuujibu kwa hasira ambazo sikutaka zikufikie wewe.

Fedha za uganga sitatuma. Zile za mwaka jana zilikuwa za kipimo cha MRI cha Rajabu, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, nami nikaja kuona katika picha za harusi ya Zuhura kwamba zimegeuka bati jipya la Baba Mkubwa. Leo anasema Rajabu ana shetani kwa kuwa kabla ya kupotewa na fahamu husikia kitu kinampanda kutoka tumboni, kisha hukodoa macho na kuchezeachezea vifungo vya shati. Mama, Wazungu wenye kifafa ninaowapiga picha za ubongo hapa, wasiomjua shetani wala ubani wake, hufanya hayo hayo, vifungo vile vile! Mara nyingi huwa ni kovu kwenye hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo usawa wa sikio, na si wachache kati yao waliougua degedege la muda mrefu utotoni, kama Rajabu mwaka ule wa mafuriko.

Ile CT, picha ya ubongo ya eksirei, mliyoambiwa ni safi haitoshi, maana kovu dogo namna hiyo huipita kwa urahisi. Inatakiwa MRI, na mpigaji aambiwe mapema kwamba mgonjwa ana kifafa ili picha azipige kwa vipande vyembamba vya milimita 1. Kisha majibu yalinganishwe na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kwa sababu kovu likionekana upande ule ule umeme wa ubongo unapochafuka, ndipo upasuaji unapoweza kuzungumzwa. Mji huu (mwambie Mama Asha aache kutangaza kwamba niko Uingereza) ndiko lilikofanyika jaribio lililochapishwa 2001 kwa wagonjwa 80 ambao dawa zilishindwa kuwatuliza kifafa: baada ya mwaka, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na kifafa cha kupoteza fahamu, ilhali kati ya waliobaki na dawa tu ni asilimia 8.

Fedha namtumia Zuhura mwenyewe. Vidonge asiache hata siku moja. Na ile hirizi yenye mnyororo wa chuma avuliwe kabla ya kuingia, kwani mashine ni sumaku tupu. Baba Mkubwa akipenda, aishike yeye nje ya mlango.

Mwanao,
Salim