Faida za kahawa kwa afya hutegemea inavyoandaliwa na saa inaponywewa

Wateja wetu wengi, wanapochagua buni, hutuuliza iwapo ni kweli kwamba kahawa huukinga mwili na baadhi ya maradhi. Kwa watu wazima wengi wenye afya njema, kahawa ina mchango mzuri, lakini mchango huo unaweza kupungua sana kutokana na namna inavyochujwa, kiasi kinachonywewa na vitu vinavyotiwa kikombeni.

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu ini. Tafiti zilizofuatilia makundi makubwa ya watu kwa miaka mingi zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanywaji wa kahawa hupatwa na kovu la ini na saratani ya ini kwa nadra kuliko wasioinywa. Matokeo kama hayo yameonekana pia kwa ugonjwa wa Parkinson, ambao huathiri ubongo na kuleta mtetemeko, na kisukari cha aina ya pili, na kuhusu kisukari lipo jambo linalostahili kuzingatiwa: hata kahawa iliyoondolewa kafeini huambatana na nafuu hiyo, ishara kwamba viambato vingine, kama vile asidi za klorojeniki, huenda navyo vina kazi yake. Hata hivyo, tafiti za namna hii huonyesha uhusiano tu, wala hazithibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyoleta nafuu. Kwa sababu hiyo hatumshauri asiyeinywa aanze kwa ajili ya tiba, wala mgonjwa apunguze dawa zake.

Hofu ya saratani tungali tunaisikia. Mwaka 1991, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kahawa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kwa kuhofia kibofu cha mkojo, lakini mwaka 2016 liliiondoa humo baada ya kupitia upya ushahidi. Mapitio hayohayo yalionya kuhusu kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kwani huenda kikasababisha saratani ya umio. Basi iache kahawa ipoe kidogo.

Suala la kuchuja ndilo tunaloona halizungumzwi vya kutosha. Mafuta ya buni yana viambato viwili, kafestoli na kahweoli, ambavyo huongeza lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Kahawa iliyochemshwa pamoja na unga wake, au iliyochujwa kwa waya pekee, hubaki na sehemu kubwa ya viambato hivyo, ilhali karatasi ya kuchujia huvinasa karibu vyote. Anayekunywa kikombe kimoja mara mojamoja hana haja ya kuhangaika, ila kwa mwenye lehemu nyingi anayekunywa vikombe kadhaa kila siku, tunaamini kwa dhati kwamba karatasi ni bora kuliko kubadilisha aina ya buni.

Kafeini nayo huzuia adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo na kutuletea usingizi, na kwa wastani mwili huhitaji takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini hiyo. Kikombe cha saa kumi alasiri, kwa hiyo, bado kina nusu ya nguvu yake saa tatu usiku, na usingizi ulioharibika ni hasara ambayo hakuna faida ya kahawa inayoweza kuifidia. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliona kwamba miligramu 400 za kafeini kwa siku hazileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na kwa mjamzito miligramu 200. Kikombe cha kawaida cha kahawa ya kuchuja huwa na takriban miligramu 90, lakini buni ya aina ya robusta ina karibu maradufu ya kafeini iliyomo katika aina ya arabika, hivyo hesabu ya vikombe hubadilika kulingana na mchanganyiko.

Sukari nyingi huharibu yote haya. Vilevile, mwenye upungufu wa damu asinywe kahawa pamoja na mlo, kwa sababu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, hasa yale yatokanayo na mimea.

Unapoagiza, tueleze chombo unachotumia, ili tukusagie kwa ukubwa unaofaa na kukushauri kuhusu karatasi na uwiano wa arabika na robusta. Mjamzito, au mwenye tatizo la mapigo ya moyo, azungumze kwanza na daktari wake.