Hedifoni za Fundi wa Vinanda

Hamisi ndugu yangu,

Salaam nyingi. Najua umeninunia kwa ukimya wangu, lakini safari hii nilinyamaza makusudi. Uliponiuliza kama hizi hedifoni uzinunue au uachane nazo, nilikuwa nimezivaa siku tatu tu, na wazee walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sasa wiki ya sita inaisha. Mwenyewe, yule binamu yangu, anarudi wiki ijayo kuzichukua, kwa hiyo nakuandikia zikiwa bado ziko kichwani.

Ni zile YH-L700A za Yamaha, za Bluetooth na za kuzima kelele za nje, zenye masikio ya mraba yaliyokuchekesha kwenye picha.

Nianze na neno lako lililonikera kidogo. Uliandika kwamba waliozitengeneza ni wale wale wa piano, basi zitakufaa kwa mazoezi ya usiku, watoto wakilala. Hapo ndipo penye shimo. Piano yako ina Bluetooth, sawa, lakini kwenye vinanda vingi vya kidijitali Bluetooth hiyo ni ya kupokea muziki kutoka kwenye simu. Kupeleka sauti ya kinanda kwenye hedifoni ni jambo jingine, na vingi haviliwezi. Mimi nilipitisha sauti kwenye kompyuta, nikaziunganisha, nikapiga skeli moja ya C. Nilicheka peke yangu. Kidole kinagusa, sauti inakuja baadaye kama mtu anayekujibu simu kutoka ng'ambo.

Piga hesabu mwenyewe. Hewani sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde. Mpiga besi akisimama mita tatu na nusu kutoka kwako, unamsikia baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, na hakuna anayelalamika. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewa sehemu mbili za kumi za sekunde. Hiyo ni sawa na kukaa kwenye kinanda huku masikio yako umeyaacha karibu mita 70 nyuma. Hata ukiupunguza huo ucheleweshaji nusu, bado umeyaacha mita 35. Wala usiwalaumu waliozitengeneza, maana ndivyo Bluetooth ilivyo: sauti inafungwa, inarushwa, inafunguliwa, na kiasi fulani kinawekwa akiba ili isikatike njiani. Kwenye filamu simu huichelewesha picha ili zilingane. Vidole vyako nani atavichelewesha?

Kwa hiyo kwa mazoezi ni waya tu. Upo ndani ya boksi. Ukichomeka waya tatizo linakwisha, ila utakuwa umelipia mambo mengi usiyoyatumia, na hedifoni ya kawaida ya studio ingekutosha.

Umeshaanza kukata tamaa? Subiri.

Kuna kisa cha Torakusu Yamaha mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, ambacho sijui kama nimewahi kukusimulia. Mwaka 1887, mjini Hamamatsu, Japani, aliitwa shuleni kutengeneza kinanda cha mivukuto kilichoharibika. Alipokifungua akaona na yeye anaweza kuunda chake. Akaunda, kisha yeye na mwenzake wakakibeba kwa mti mabegani, wakavuka milima ya Hakone hadi Tokyo, safari ya kama kilomita 250, ili wataalamu wa chuo cha muziki wakipime. Jibu? Kinanda kinapendeza, lakini hakijapatana sauti. Mtu mwingine angekitupa bondeni wakati wa kurudi. Yeye alibaki pale kama mwezi mzima akijifunza nadharia ya muziki na namna ya kupatanisha sauti, kisha akarudi kuunda cha pili. Na nembo yao ina zile uma tatu za chuma za kupatia sauti, zile anazogonga fundi wa piano kabla hajagusa waya. Hizi hedifoni nami nimezipima kwa swali la wale wa Tokyo, yaani sauti iko sawa au haiko, sio kwa umbo lake la mraba.

Halafu usidhani wamejiingiza juzi kwenye biashara hii. Mwaka 1976 walitoa HP-1, hedifoni iliyochorwa na Mario Bellini wa Italia. Na zile spika za NS-10M zenye koni nyeupe, unazoziona kwenye kila picha ya studio, ni zao za mwaka 1978. Zilikusudiwa kukaa sebuleni. Mafundi wa studio ndio walioziteka. Hizi nilizovaa zimeenda njia ya kinyume: jina ni la wanamuziki, lakini kazi yake ni ya msikilizaji aliyejiegemeza kitini.

Sasa kelele. Maikrofoni zinasikia mngurumo wa nje, saketi inatengeneza wimbi lililogeuzwa, mawimbi mawili yanakutana na kumalizana. Wazo ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936, kabla ya kuwapo vifaa vya kulifanikisha vizuri. Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba mbinu hii inapenda sauti nene. Wimbi la hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita tatu, linapanda na kushuka polepole, kulikamata ni rahisi. La hezi 5000 halifiki hata sentimita saba, na ukikosea kidogo tu unaongeza kelele badala ya kuipunguza. Ndiyo maana feni, injini ya basi na mngurumo wa ndege vinatoweka, ila mtoto akilia utamsikia. Sahani ikianguka utaisikia. Hizo sauti kali zinazuiwa na mito ya masikioni, sio na umeme.

Kwenye kunyamazisha tu, zipo zinazozishinda hizi, na sikufichi. Mimi nilitaka kujua kitu kingine: muziki unabaki vilevile? Unazikumbuka zile hedifoni zangu za zamani, nisizitaje jina. Ukiwasha kuzima kelele, besi ilikuwa inavimba kama kifundo kilichoteguka. Kwa hizi nilikaa chumba kimya, nikaweka rekodi ya besi ya mti peke yake, nikawa nawasha na kuzima, nawasha na kuzima, mpaka mke wangu akaniuliza kama niko salama. Besi inasogea kidogo mno. Mtu asiyeisubiri hataiona.

Lakini kilichonifanya niandike barua ndefu hivi ni kitu wanachokiita Listening Care. Unakumbuka kile kitufe cha Loudness kwenye redio kubwa za zamani? Wengi walikiwasha ili besi ipige, basi. Maana yake ilikuwa nyingine. Mwaka 1933 watafiti wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa, na kadiri unavyopunguza sauti ndivyo besi inavyopotea mapema, na zile nyembamba za juu nazo zinafifia. Kwa hiyo ukisikiliza taratibu unaona muziki umepooza, unaongeza. Unaongeza tena. Hizi hedifoni zinaangalia umeweka sauti kiasi gani, halafu zinarudisha kile ambacho sikio limeanza kukikosa. Wiki ya kwanza nilikuwa naweka sauti ile ile niliyoizoea. Wiki ya nne nikagundua, bila kukusudia, nimeshuka ngazi nne.

Nakuambia hili kwa sababu ya sikio lako la kushoto, Hamisi. Lile linalopiga mbinja tangu ile miaka uliyokaa ubavuni mwa ngoma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 (ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unakatika nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Ndani ya basi linalonguruma mtu hufika huko bila kujua, maana anashindana na injini. Ukiuzima mngurumo wa injini masikioni kwanza, halafu muziki ukawa umenona hata ukiwa chini, huna unachoshindana nacho. Kama ningekuwa nakununulia mimi, ningekununulia kwa sababu hiyo moja tu.

Mengine nayapitia haraka. Miwani yako: mikono yake inainua mto, besi inavuja. Kuna maikrofoni ya ndani inayosikiliza kinachofika sikioni hasa na kurekebisha, nami nikijaribu na miwani ya kusomea tofauti ilikuwa ndogo, lakini jaribu na ya kwako yenye mikono minene. Uzito ni gramu 330. Shingo yangu inaanza kuuliza maswali baada ya saa mbili. Kodeki, yaani namna za kuifunga sauti ili irushwe, ni SBC, AAC na aptX Adaptive, ila hiyo ya mwisho iPhone yako haiijui, utapata AAC, na wala usikose usingizi kwa hilo.

Halafu kuna ule mchezo wa sauti ya pande zote, na hapa tutabishana. Unachagua ukumbi wa tamasha, sinema, onyesho la uwanjani, na ukigeuza kichwa muziki unabaki pale ulipokuwa, kana kwamba bendi imekaa mbele yako. Ni kazi wanayoijua. Mwaka 1986 walitoa DSP-1, mashine iliyotumia vipimo vya kumbi halisi. Kwenye filamu nimeifurahia kama mtoto. Kwenye muziki nimeizima na sijairudisha. Aliyerekodi alishachagua ukumbi wake, mimi ni nani nimhamishe? Wewe unayependa vikorombwezo huenda ukaiacha ikiwaka, ila ujue betri inashuka kutoka saa 34 hadi 11.

Ukipata nafasi ya kuzijaribu, usikubali nyimbo za maonyesho wanazokuwekea wauzaji. Zimechaguliwa zisifeli. Tumia ile rekodi yetu, ile tuliyofanya kwa maikrofoni mbili usiku kucha. Unajua kila noti ilivyolia siku ile, hakuna atakayekudanganya. Na anza na sauti chini.

Mimi niliiweka jana usiku, chini kabisa, nyumba imelala. Kwenye ubeti wa tatu nimekusikia mkono wa kushoto ukikosea noti, halafu ukairudia mara mbili ili ionekane umekusudia. Miaka yote hii nilikuwa nawasifia watu ule ubunifu wako.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Juma